Wakuu, baada ya "increase" ni "of" au "in"? Naomba msaada wa vihusishi vya Kiingereza

Mzabibu wa Hombolo (mtoa mada)
Heshima kwenu wakuu. Nipo huku Hombolo, Dodoma. Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kinaomba fedha za matangi ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu, na mfadhili anataka andiko la Kiingereza. Kalamu nimekabidhiwa mimi. Nyakati za vitenzi hazinisumbui. Kinachonikwamisha ni hivi vihusishi vinavyokaa baada ya nomino. Kwetu tunasema sababu ya, ongezeko la, mahitaji ya, suluhisho la, athari za, yaani kiunganishi ni kilekile. Nikifika kwenye Kiingereza, mkono unajiandikia "of" kila mahali. Katibu anasema "increase of the price" si sahihi, niweke "in". Mbona "increase of" naiona kwenye ripoti za watu wazito tu? Kuna kanuni au ni kukariri? Natanguliza shukrani.

Kiduku Area D
Kukariri tu mkuu. Pole sana.

Ticha Mstaafu
Usimkatishe tamaa mwenzio. Katibu yuko sahihi, na hizo ripoti ziko sahihi pia. "In" inatangulia kitu kilichoongezeka, "of" inatangulia kiasi kilichoongezeka. Vinaweza kukaa sentensi moja bila kugombana: "an increase of 200 shillings in the price of grapes". Shilingi 200 ndicho kiasi, bei ndiyo iliyopanda. Na hiyo "of" ya mwisho ni ya "price", haihusiani na "increase" kabisa. "Rise", "fall", "drop", "decrease" na "reduction" zinakwenda hivyo hivyo. Ukiishika hii tu, sehemu kubwa ya andiko imepona, maana maandiko ya miradi kazi yake ni kueleza kilichopanda na kilichoshuka.

Maneno ya kuhitaji mengi yanachukua "for": "demand for", "need for", "request for". Ya athari yanachukua "on": "effect on", "impact on", "influence on". Ila usilale hapo. "Damage" nayo ni ya athari, lakini husemi "damage on the vines", unasema "damage to the vines". "Cause" na "reason" zinakaribiana sana kwa maana, na bado moja ni "cause of", nyingine "reason for". Hapo Kiduku ana hoja kidogo.

Binti Mpwapwa
Shikamoo ticha. Naongezea kinachonikera nikisoma barua za ofisini: mtu anachukua kihusishi cha nomino anakibandika kwenye kitenzi. "There is a demand for grapes" sawa. "Buyers demand for grapes" hapana, kitenzi hakitaki kitu hapo katikati. Vilevile "access to loans" ni sawa ikiwa nomino, lakini "farmers cannot access to loans" ni kosa. "Lack of water" sawa, "we lack of water" hapana.

Ticha Mstaafu
Marahaba binti yangu. Hilo la "access" nimelisahihisha mpaka wino ukaisha.

Kiduku Area D
Jamani, si atupie tu kwenye programu ya akili mnemba, imrekebishie?

Binti Mpwapwa
Atupie, hakuna anayemkataza. Ila mfadhili akija kumhoji uso kwa uso hapo Hombolo, simu atakuwa ameishika nani?

Msafiri wa Manyoni
Mkuu, fungua kamusi ya wanafunzi ya Oxford au Cambridge, zote zipo mtandaoni bure. Usiishie kwenye maana, shuka kwenye mifano. Kihusishi utakikuta kimekolezwa wino pembeni ya nomino. Na ukiandika kwenye daftari, usiandike "solution" peke yake, andika "solution to". Mimi nimetokea huko.

Mzabibu wa Hombolo
Nimeshukuru sana wakuu. Shikamoo ticha. Naomba mnikagulie sentensi hii: "Storage tanks are a solution to low prices and an alternative to sell fresh grapes at harvest."

Ticha Mstaafu
Marahaba. "Solution to" umeipata. Ya pili ina mtego. "To" ya "alternative" ni kihusishi, si ile inayotangulia kitenzi kama "to go", kwa hiyo kitenzi kinachoifuata kinavaa "-ing": "an alternative to selling fresh grapes". Ukitaka kuipima, weka nomino mahali pa kitenzi. "An alternative to the fresh market" inakubali, basi hiyo ni kihusishi. Tuma aya inayofuata.