Grafu ya mihimili ndani ya ripoti: chati, jedwali la kupaka rangi au picha?

Katibu wa chama cha msingi, Moshi Vijijini

Ndugu zangu, naandaa ripoti ya mkutano mkuu wa chama chetu cha kahawa, nami nahitaji grafu moja tu ya mihimili itakayoonyesha kilo za kahawa ya maganda tulizokusanya katika misimu 5. Naiandika kwa Word, wajumbe wa bodi watairekebisha kwenye kompyuta zao, kisha itapelekwa kwa flashi steshenari ya mjini ikachapwe kwa wino mweusi. Mwaka jana nilichora mistatili kwa mkono. Mjumbe mmoja alipoongeza aya juu yake, mihimili miwili ilihamia ukurasa uliofuata na mmoja ukaketi juu ya sahihi ya mwenyekiti. Njia ipi ni salama zaidi?

Mhasibu, Arusha

Ndugu Katibu, mistatili ile ilihama kwa sababu kila mmoja ulifungwa kwenye aya yake. Tumia chati ya Word yenyewe. Ukiiingiza, hufunguka jedwali dogo la Excel lenye namba za mfano. Unazifuta, unaandika misimu na kilo zako, na kila unaposahihisha namba mhimili unarefuka au kufupika wenyewe. Kwa hesabu ambazo mkaguzi bado hajazimaliza, sioni njia iliyo bora kuliko hiyo.

Jihadhari, hata hivyo, na kunakili chati kutoka kwenye faili kubwa la Excel. Ukiibandika kwa kiungo, chati itaonekana kwa wajumbe lakini hawataweza kubadili namba zake, kwa kuwa faili la asili limebaki kwako. Ukiipachika nzima, unasafirisha kitabu chote cha hesabu pamoja nayo, karatasi zote, hata ile yenye majina ya wanachama na madeni yao, na yeyote atakayebofya kuhariri data ataiona. Hili watu wengi hawalijui mpaka siku limewaumbua.

Mwenye steshenari, Moshi mjini

Mimi nazungumza kutoka upande wa printa. Mihimili ya bluu na ya kijani, ikichapwa kwa wino mweusi, hutoka kijivu kinachofanana, kwa hiyo paka rangi moja iliyokolea na uandike kilo kwenye ncha ya kila mhimili. Chati iliyotengenezwa kwa toleo jipya la programu, ikifunguliwa kwa programu nyingine kama LibreOffice, huweza kubadilika sura.

Ndiyo maana kwa grafu ndogo kama yako napendelea jedwali la kawaida. Tuseme msimu mkubwa una kilo 24,000: tengeneza safu ya seli 24 zenye upana wa nusu sentimita, ambazo zitachukua sentimita 12, nawe ukurasa wa A4 wenye pambizo za kawaida unakupa karibu 16, kwa hiyo jina la msimu linabaki na nafasi yake. Kila seli ni kilo 1,000. Msimu wa kilo 17,000 unapakwa seli 17. Zima kwanza ule mpangilio unaoruhusu seli kujitanua zenyewe, la sivyo mihimili itakudanganya. Jedwali hili halihami ovyo hata bodi ikiongeza aya ngapi.

Mhasibu, Arusha

Na kilo 17,430 utazipaka wapi?

Mwenye steshenari, Moshi mjini

Namba kamili inaandikwa pembeni. Jicho la msomaji halipimi kilo 430.

Mwalimu wa hisabati, Tengeru

Vyovyote mtakavyochora, kipimio kianzie sifuri. Namba zinapokaribiana, programu huweza kuanzisha kipimio juu zaidi bila kuulizwa: kilo 20,000 na 22,000, kipimio kikianzia 19,000, zitaonekana kana kwamba msimu mmoja umezidi mwingine mara 3, ilhali umezidi kwa sehemu moja ya kumi tu. Hapo jedwali la seli lina heri yake, kwani haliwezi kuanza popote ila sifuri.

Mihimili, kwa asili yake, ni ya kulinganisha vitu vilivyosimama kando kwa kando. William Playfair, mhandisi na mwanauchumi wa Scotland aliyeitumia mwaka 1786 kuonyesha biashara ya Scotland na nchi mbalimbali, aliichora kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Za miaka mingi alizichora kwa mistari. Kwa misimu 5 mihimili bado inafaa, lakini msiipeleke kwenye misimu 30.

Katibu wa chama cha msingi, Moshi Vijijini

Nashukuru, Mwalimu, nanyi nyote. Nakala ya bodi itakuwa na chati ya Word, namba nikiziandika upya kwa mkono ili daftari la madeni lisisafiri nayo. Mkaguzi akishamaliza, nitaibadili kuwa picha ya PNG iliyokaa ndani ya mstari wa maandishi, kisha ripoti yote niihifadhi kama PDF kabla flashi haijapanda daladala.

Mwenye steshenari, Moshi mjini

PNG ni sawa. Usije na JPEG, maandishi madogo huingia ukungu. Na flashi yenyewe uipitishe kwenye programu ya kuua virusi.