MREJESHO: Ile kambi ya watoto ya kijasusi, mambo yalivyoenda

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliomba mawazo ya michezo ya kijasusi kwa watoto 12 wa miaka 7 hadi 10, kambi ya siku moja tu.

Wino wa limao ndo ulibamba kuliko vyote. Wanachovya kijiti cha pamba kwenye maji ya limao, wanaandika, karatasi ikikauka huoni kitu, halafu mtu mzima anaipiga pasi ya moto maneno yanatokea ya kahawia. Kuna dogo alidhani nimemroga!! Ila msitumie mvuke, mimi karatasi ya kwanza ililowa yote.

Yale maandishi ya siri (code) ya Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale, ya kuruka herufi 3, A inakuwa D, wale wa miaka 7 walichanganyikiwa kabisa, mpaka nilipowakatia maduara mawili ya kadibodi yenye herufi nikayabana na pini katikati, wakawa wanazungusha wenyewe. NJOO ikawa QMRR na siku nzima wakaitana hivyo.

Alama za vidole, aliyeshauri unga wa penseli ubarikiwe. Unasugua penseli kwenye karatasi, unapaka kidole, unabandika selotepu, mistari yote inaonekana.

Nilipofeli ni nyuzi za kwenye korido zenye kengele, ambazo watoto wanapita bila kuzigusa zisilie. Nilizifunga chini mno, wadogo wanapenya, wakubwa wananasa, mmoja akaanza kulia eti kaonewa, ikabidi nizifungue nianze upya huku wengine wakinisubiri na miwani yao myeusi.