Mjadala: Anayeamini ushoga ni dhambi, je, ni lazima aunge mkono jela?

MTOA MADA
Swali ni moja, tusitawanyike. Msimamo wa misikiti na makanisa yetu kuhusu tendo lenyewe unajulikana, na sijaleta mada ili tuupigie kura. Nauliza hivi: mwenye imani hiyo analazimika pia kutetea kifungu cha jela? Haya mawili yamefungwa fundo moja kiasi kwamba anayegusa la pili huambiwa ameasi la kwanza. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa waraka uitwao Fiducia Supplicans, unaoruhusu padre kuwaombea baraka fupi watu wawili wa jinsia moja. Mitaani ukageuka "Papa ameozesha mashoga". Siku kumi na moja baadaye Rais Ndayishimiye wa Burundi akasema hadharani kuwa watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Anayejua sheria, fiqhi au kanuni za kanisa aweke vifungu mezani. Matusi yabaki nje.

KATEKISTA WA KIVU
Nianze na huo waraka, maana wengi wanaoutaja hawajaufungua. Una aya 45. Mwanzoni tu, aya ya 4 na ya 5, unarudia kwamba ndoa ni ya mume na mke na kwamba fundisho hilo halijabadilika. Aya ya 38 inakataza kutungwa ibada maalumu kwa ajili ya baraka hiyo. Aya ya 39 inakataza isitolewe pamoja na sherehe ya ndoa ya serikali, na pasiwe na mavazi, ishara wala maneno ya arusi. Tarehe 4 Januari 2024 ikatoka taarifa ya ufafanuzi: ni sala ya sekunde 10 hadi 15, isiyofanyika mbele ya altare. Taarifa hiyo ikaongeza kwamba pale ambapo sheria inawafunga watu hawa au kuwaua, kutoa baraka ya namna hiyo si busara.

Tarehe 11 Januari maaskofu wa Afrika na Madagaska, kwa barua ya Kardinali Fridolin Ambongo, wakajibu kwamba kwetu baraka kwa wenza wa jinsia moja haitatolewa. Barua iliandikwa kwa makubaliano na Papa Francis. Maaskofu wa Afrika Kaskazini walikuwa na kauli yao tofauti, kwamba inawezekana mradi isilete mkanganyiko.

Hapa ndipo naomba watu watulie. Kardinali Ambongo ni Askofu Mkuu wa Kinshasa. Kongo haina kifungu cha jela kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Haikuwa nacho enzi za Mbelgiji, na haikukiweka baada ya uhuru. Katiba ya 2006, ibara ya 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti, basi. Kwa hiyo "hapana" kubwa kuliko zote barani ilisainiwa na mtu ambaye nchi yake haifungi. Na Papa yuleyule, wiki moja kabla ya kutua Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, alisema kuwa na hali hiyo si kosa la jinai, huku akisisitiza kuwa tendo ni dhambi. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2357 inalaumu tendo. Namba 2358 inakataza ubaguzi usio wa haki. Anayenukuu ya kwanza na kuiruka ya pili amenukuu nusu.

MCHUNGAJI WA NYANDA ZA JUU
Ndugu Katekista, nashukuru kwa mpangilio. Lakini naona unaipunguza kazi ya sheria. Warumi 13 inaiita mamlaka mtumishi wa Mungu, na sheria hufundisha dhamiri hata ikiwa haimfungi mtu kila siku. Tazama Uingereza. Mwaka 1967 waliondoa jela kwa watu wazima faraghani. Mwaka 2004 wakatunga sheria ya ushirika wa kiserikali wa watu wa jinsia moja, 2013 ya ndoa yao, na tarehe 17 Desemba 2023 sala za baraka zikaanza kusomwa ndani ya Kanisa la Uingereza. Ndiyo maana Waanglikana wengi wa Afrika, mkutanoni Kigali Aprili 2023, walitangaza hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi anayewaunganisha. Hawakuchukia mtu. Waliona mlango ukifunguliwa kidogo hauna wa kuufunga.

Na kuna watoto wa kiume. Kesi za kulawitiwa wanafunzi zimejaa mahakamani. Ukiondoa kifungu, unawaambia nini wazazi wao?

WAKILI WA MOMBASA
Mchungaji, hilo la watoto ndilo zito, basi nianze nalo. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Kifungu cha 8 kinamlinda kila mtoto, wa kike na wa kiume: aliye na miaka 11 au chini, mkosaji anapata maisha, miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Mtu akiuliza kama mvulana anaingia humo, asome kifungu cha 2: tafsiri ya viungo vya uzazi katika sheria hiyo inajumuisha pia njia ya haja kubwa. Waliofanya hivyo walijua wanachokifanya. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kikifutwa kesho, hakuna mlawiti wa mtoto atakayetoka.

Sasa 162 chenyewe. Kinazungumzia "mtu yeyote" anayeingiliana kinyume cha maumbile, miaka 14. Neno ushoga halimo, na mume na mkewe wanaweza kushtakiwa kwacho. Maneno hayo yalitoka katika Kanuni ya Adhabu ya Wahindi ya 1860, yakapitia Queensland, Australia, 1899, yakafika kwetu 1930. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu Nairobi walikibakiza, wakitumia pia ibara ya 45(2) ya Katiba kuhusu ndoa. Kwa hiyo kipo.

Kinavyofanya kazi mtaani ni jambo jingine. Kosa la siri kati ya watu wawili waliokubaliana halina mlalamikaji. Polisi wakitaka ushahidi, hufanyaje? Kesi ya Kwale ya 2015 ni mfano: wanaume wawili walipelekwa hospitali wakapimwa njia ya haja kubwa kwa nguvu. Chama cha Madaktari Duniani kilishalaani upimaji huo mwaka 2017, kwa sababu hauthibitishi chochote. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, hapa hapa Mombasa, ikasema ulikuwa kinyume cha Katiba.

Kinachobaki ni biashara ya vitisho. Mtu anaitwa kwa ujumbe wa simu kwenye chumba cha kukodi. Wanaingia watatu, wanampiga picha, wanamtaka atume M-Pesa palepale, na mwezi ujao wanapiga tena. Hawezi kwenda kituoni, maana maelezo yake ya wizi ndiyo kukiri kwake kosa la 162. Yule mwizi analindwa na kifungu ambacho Mchungaji anasema kinafundisha dhamiri.

USTADHI WA NG'AMBO
Assalaam alaykum. Niseme kwanza bila kuficha: liwati, yaani tendo la mwanamume na mwanamume, ni haramu kwa ijmai, makubaliano ya wanazuoni, na kisa cha kaumu Lut, watu wa Nabii Lut, kimo katika Suratul A'raf aya ya 80 hadi 84 na sura nyinginezo. Hapo sikilegezi kitu. Lakini adhabu ni mlango mwingine wa fiqhi, wenye masharti ambayo wapiga kelele hawayataji.

Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu mwambao mzima, ni kwamba mtendaji anahukumiwa kama mzinifu. Imam Abu Hanifa akaona hapo hakuna hadi, yaani adhabu iliyokwisha kuwekwa na dini, ni taazira tu, adhabu inayoachiwa kadhi aikadirie. Kwa hiyo hata ukubwa wa adhabu maimamu hawakuafikiana.

Njoo kwenye ushahidi. Wanatakiwa mashahidi wanne, wanaume waadilifu, na kila mmoja awe ameliona tendo lenyewe kwa macho yake. Kuona watu wawili wametoka chumba kimoja hakutoshi. Mwendo wa mtu, sauti yake, mavazi yake, picha ya kukumbatiana, vyote si kitu. Wakija watatu na wa nne akasita, hao watatu ndio wanaochapwa fimbo 80 za kukashifu, na ushahidi wao haupokelewi tena mpaka watubu: Suratun Nur, aya ya 4 na ya 5. Aliyekiri akirudi nyuma, hadi inaanguka. Na mtekelezaji ni mwenye mamlaka baada ya hukumu, si vijana wa baraza.

Kisha unafikaje kwenye ushahidi huo? Suratul Hujurat aya ya 12 inakataza kupeleleza. Suratun Nur aya ya 27 inakataza kuingia nyumba ya mtu bila idhini. Kuna kisa kinachosimuliwa cha Sayyidna Umar aliyeruka ukuta akamkuta mtu na pombe. Mtu yule akamjibu: mimi nimeasi jambo moja, wewe matatu, umepeleleza, umepita pasipo mlango, umeingia bila salamu. Umar akamwacha.

Sasa pima kwa mizani hiyo. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Serikali yenyewe, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ikajitenga na kampeni hiyo tarehe 4 Novemba. Waislamu waliotuma jina la jirani, wangapi walikuwa na mashahidi wanne? Asiyekuwa nao alijitia mwenyewe katika kosa la kukashifu, na Qur'ani inalihesabia fimbo. Inaniuma kusikia jambo hilo likisifiwa mimbarini.

MCHUNGAJI WA NYANDA ZA JUU
Ustadhi, nimekusoma mara mbili, na hilo la kupeleleza sina la kulipinga. Hata azimio 1.10 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana, la 1998, ambalo sisi wahafidhina tunalishika kama ngao, linataja tendo kuwa haliendani na Maandiko, na mstari huohuo linalaani woga usio na msingi dhidi ya watu hawa. Tunausoma nusu, nakubali.

Lakini Wakili ametupa Kenya tu. Njoo Tanzania Bara. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kubaka ni kosa la mwanamume dhidi ya msichana au mwanamke. Mvulana hayumo. Anayemlinda mvulana ni kifungu cha 154(2): aliyemfanyia mtoto wa chini ya miaka 18, kifungo cha maisha. Yaani kifungu kilekile mnachotaka kiondoke ndicho kinachowafunga walawiti wa watoto. Anayesema "futa 154" amesoma sheria ya jirani.

WAKILI WA MOMBASA
Hoja imesimama, Mchungaji, na anayeipuuza ataumiza watoto. India imetuonyesha pande zote mbili. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu haikukifuta kifungu cha 377, ndugu wa 162 yetu. Ilikipunguza tu: watu wazima waliokubaliana wakatoka, wasioridhia na watoto wakabaki wamelindwa. Halafu kanuni mpya ya adhabu ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 bila kifungu hicho kabisa, na mwanamume mtu mzima aliyebakwa akabaki hana kifungu kinachomtaja.

Kwa Bara, mpangilio ndio kila kitu. Kwanza 130 iandikwe upya imguse mwathirika wa jinsia yoyote na njia zote za kuingiliwa. Pili 154(2) ihamishiwe humo na adhabu yake ileile ya maisha. Tatu kiwekwe kifungu cha mpito kisemacho kwamba kesi na vifungo vya zamani vya watoto vinaendelea kana kwamba sheria haijabadilika. Ukiisahau hiyo ya tatu, kila mfungwa wa 154 atakata rufaa akidai kosa lake halipo tena. Ndipo, na si kabla, 154(1), yaani kosa lenyewe la kuingiliana kinyume cha maumbile, ibakie kwa asiyeridhia peke yake.

KATEKISTA WA KIVU
Niongeze la Uganda, maana linawagusa wachungaji wenyewe. Sheria iliyosainiwa Mei 2023 ina kifungo cha maisha kwa tendo, kifo kwa kosa lililozidishwa uzito, na hadi miaka 20 kwa kinachoitwa kuhamasisha. Kifungu cha 14 kiliweka wajibu wa kuripoti. Fikirieni padre. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa namna yoyote wala kwa sababu yoyote, na padre akiivunja moja kwa moja ametengwa na Kanisa papo hapo. Ni serikali yenye nia njema kwa dini iliyomweka padre kati ya wajibu wa sheria na kutengwa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho pamoja na vingine vichache, kwa kuwa viligongana na haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Sheria nyingine yote ikabaki.

Na Askofu Mkuu Kaziimba wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, mtetezi mkubwa wa sheria hiyo, alisema Kanisa lake haliungi mkono adhabu ya kifo. Kumbe hata ndani ya kundi hilo mtu anaweza kusema tendo ni dhambi na bado akaiambia dola: hapa umepita.

MCHUNGAJI WA NYANDA ZA JUU
Askofu Mkuu Kaziimba alipendekeza kifungo cha maisha badala ya kifo, ndugu yangu, usimvute upande wako sana.

Langu ni hili. Kosa libaki kwenye vitabu, hapo sisogei, kwa sababu niliyoitoa ya Uingereza. Lakini kiwango cha chini cha miaka 30 katika 154, kilichowekwa na sheria ya 1998, siwezi kukitetea kwa Biblia. Paulo, katika 1 Wakorintho 5, anamtenga mtenda dhambi ndani ya kanisa na kuwaacha walio nje mikononi mwa Mungu. Hakumpeleka kwa liwali. Bunge likileta marekebisho ya kuondoa hicho kiwango na kuzuia kupekua nyumba za watu, nitayaunga mkono hata mbele ya waumini wangu.

USTADHI WA NG'AMBO
Na aliyetuma jina la uongo, Mchungaji? Kwenye marekebisho yako adhabu yake imo?

MCHUNGAJI WA NYANDA ZA JUU
Imo. Wakili atuandikie, tuione.

WAKILI WA MOMBASA
Nitaileta hapa rasimu ya aya mbili, ya Bara, pamoja na kile kifungu cha mpito. Mwenye nakala ya 154 yenye marekebisho yote ya baada ya 1998 aiweke, tusije tukarekebisha maneno ya zamani.