Re: Kisigino cha mwanangu

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Kijana wangu ana miaka 15, kisigino kinamuuma tangu kabla ya Pasaka, na usiku ndiyo huzidi. Daktari alisema ametegua akichezea mpira, akampa dawa za maumivu. Sasa pamevimba. Nirudi au ningoje?
Mama wa Leicester

---

Dada, pole. Usingoje. Visigino vingi vya umri huo huuma kwa ajili ya mpira na kukua tu, lakini maumivu ya kumwamsha mtu usingizini, tena pamoja na uvimbe, hayo hayaachwi. Piga simu kesho, sema "uvimbe wa mfupa usio na sababu". Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unashauri mtoto wa namna hiyo afikiriwe kupigwa eksirei ndani ya saa 48. Taja hizo saa. Mapokezi hubadilika sauti.

Eksirei ikitia shaka ya saratani ya mfupa, hapo ndipo wewe uwe mkali: usikubali mtu yeyote achukue kinyama cha kupima hapo hapo hospitali ya karibu. Uingereza ina vituo vitano vya saratani ya mifupa: Birmingham, Stanmore, Oxford, Oswestry na Newcastle. Kwenu ni Birmingham. Njia ya sindano ya kuchukulia kinyama inaweza kubaki na seli za saratani, na daktari wa upasuaji huiondoa pamoja na uvimbe. Mguuni nyama ni chache. Sindano ikipita pabaya, wayo uliokuwa wa kuokolewa unaweza kukatwa.

Ikiwa ni osteosakoma au Ewing, aina mbili za saratani ya mifupa, dawa za kemo (za kuua saratani) hutangulia, upasuaji hufuata, kisha kemo tena. Kondrosakoma, saratani ya gegedu, ni nyingine: kemo kwa kawaida haifui dafu, tegemeo ni kisu.
Nesi wa mifupa, Coventry

---

Shikamoo dada. Naongeza ya nesi. Omba mkalimani mapema, ni bure, na mtoto asikutafsirie. Kabla ya kemo watamuuliza kijana kama anataka kuhifadhi mbegu zake, maana dawa zinaweza kumharibia uzazi. Sisi tulikaa chumba kimoja, mimi, mwanangu na daktari, kila mtu akitazama sakafu. Mwachie nafasi azungumze na daktari peke yake.

Na kama mnapata msaada wa serikali kwa kipato kidogo, nauli hurudishwa. Tunza tiketi, dai kabla ya miezi 3 kupita.
Baba wa Walsall