Nimezuiwa kufanya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya sayansi ya siasa kwa kuandika kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane

Wakuu, habari za usiku. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa GPA za huruma, hauhusiani kabisa.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakaokuja kunirekebisha nukta na herufi kubwa piteni tu.

Jumatatu asubuhi idara ilibandika orodha ya wasioruhusiwa kufanya UE. Namba yangu ni ya nne kutoka juu. Somo ni Utangulizi wa Siasa za Afrika, mwaka wa pili. Chuo sikitaji, msiniulize, nataka nimalize. Sharti letu ni kwamba koziweki (alama za majaribio na kazi kabla ya UE) iwe angalau 16 kati ya 40, ukishuka hapo chumba cha mtihani huingii, unabeba somo mpaka mwakani. Mimi nina 15.

Jaribio la kwanza nimepata 6 kati ya 15. La pili 4 kati ya 15, na hilo nilichemsha mwenyewe, nakiri, sitafuti mchawi. Kazi ya kikundi 5 kati ya 10. Jumla 15.

Sasa njooni kwenye jaribio la kwanza. Karatasi ninayo hapa mkononi. Swali la tatu, alama tano: taja nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na ueleze changamoto mbili za mtangamano wa kisiasa. Nikaandika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Somalia. Tena kwa kiherehere changu nikaweka na miaka: Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Zile tatu za mwisho zimezungushiwa duara moja kubwa la kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa "Ziko 5. Soma slaidi." Chini yake, kutoa mbili.

Kumi na tano ukijumlisha mbili ni ngapi?

Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, ndani ya nchi hii hii. Binamu yangu ni kondakta wa basi la Arusha, hajamaliza hata kidato cha pili, anakutajia nchi zote nane kwa sababu anabeba watu wa mikutano yao. Mimi ninayesomea siasa nimekatwa kwa kuzijua.

"Soma slaidi." Haya, nikazisoma. Marehemu babu alikuwa anajua umri wa ng'ombe kwa kumfunua mdomo. Slaidi nazo zina meno. Slaidi ya 9 inasema nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa eneo ni Sudan. Basi iliandikwa kabla ya tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga, maana tangu siku ile kubwa ni Algeria. Slaidi ya 22 inamzungumzia Gaddafi kama kiongozi wa Libya aliyepo madarakani. Aliuawa Oktoba 2011. Jumuiya ina nchi tano, kwa hiyo ziliandikwa baada ya Julai 2007, Rwanda na Burundi zilipoingia. Yaani hizi slaidi zilizaliwa kati ya 2007 na 2011. Mdogo wangu yuko darasa la saba na slaidi ni kaka yake. Kinachobadilishwa ni ukurasa wa mbele tu, pale penye mwaka wa masomo. Huo wanaukumbuka kila Novemba.

Na hata slaidi hupewi. Unakwenda stashonari ya nje ya geti la nyuma, unalipa elfu nne, unapewa desa lililobanwa kwa waya: slaidi zote, pamoja na maswali ya miaka iliyopita na majibu yake. Ukurasa wa 31 wa desa una doa la chai, duara la kikombe cha mtu aliyehitimu zamani sana, limetolewa kopi juu ya kopi mpaka limekuwa sehemu ya somo. Kila mwanafunzi wa idara yetu analo hilo doa. Mwenzangu wa chumba hajakanyaga lekcha tangu wiki ya tatu, alilala na desa siku mbili, akaandika nchi tano, ana 12 kati ya 15. Simlaumu, yeye ndiye aliyeusoma mchezo.

Nikaenda kwa TA (msaidizi wa mhadhiri) aliyesahihisha. Kijana tu, alihitimu juzi. Nikamwonyesha kwenye simu tovuti ya Jumuiya yenyewe. Akaangalia, akacheka, akaniambia, "Dada, hata mimi najua ziko nane. Lakini mwongozo wa kusahihishia nilipewa, sikuuandika mimi."

HATA MIMI NAJUA ZIKO NANE. Wakuu, nimelala na hiyo sentensi siku tatu.

Nikapanda kwa mhadhiri mwenyewe. Shikamoo dokta. Marahaba, bila kuinua macho. Nikajieleza nimesimama, karatasi nimeishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepeleka barua ya kufukuzwa ada. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Kisha akasema mtihani unajibiwa kwa mujibu wa kilichofundishwa, "ukija na ya mtandaoni, mimi nitajuaje umesoma?" Nikamwambia dokta, lakini ndiyo ukweli. Akaniambia nikaandike barua kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara amesafiri. Dada wa masijala anasema barua iwe nakala tatu na ipitie kwa CR, yaani kiongozi wa darasa. CR hapokei simu, yuko msuli, anajisomea. UE inaanza Jumatatu ijayo.

Nilitaka kuishia hapa ila nimeshafungua mdomo, ngoja niendelee.

Kazi ya kikundi. Tulikuwa kumi na saba. KUMI NA SABA, insha moja ya kurasa nane. Walioandika ni wanne, waliochapisha mmoja, na siku ya kuwasilisha kuna kaka alituuliza mlangoni mada yetu ni ipi. Tukapewa dakika nne mbele ya semina na tano kati ya kumi, wote sawa, na yeye wa mlangoni tano. Hapo sina la kuongeza.

La semina ndilo linaloniuma kuliko hata hizo alama mbili. Nina rafiki, katoka Newala, kasoma shule ya kata kama mimi. Huyu mtoto ana kichwa. Wiki moja kabla ya zamu yake tulikuwa kimbwetani (zile meza za nje za kujisomea) usiku, tukaingia kwenye Tume ya Nyalali. Mnaikumbuka: 1991 watu wakaulizwa chama kimoja au vingi, karibu asilimia 80 wakasema kibaki kimoja, tume ikapendekeza vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Yeye akauliza, jamani, kama wengi walikataa na wachache wakasikilizwa, demokrasia tuliipata kidemokrasia? Kimbweta kikalipuka. Mmoja akasema wengi hawana haki ya kuwafungia wachache mlango, kwa hiyo tume ilikuwa sahihi. Mwingine akasema wale watu walizaliwa ndani ya chama kimoja, ungewauliza nini? Kaka mmoja wa sheria aliyekuwa anasoma pembeni akafunga daftari lake akahamia kwetu. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kutufukuza, na mlinzi mwenyewe akakaa kidogo, akasema yeye alihojiwa na tume ile akiwa kijana, na alisema kibaki kimoja kwa sababu aliogopa vita. Hakuna desa lenye kitu kama hicho.

Wiki iliyofuata rafiki yangu akasimama kwenye semina. Kwa Kiingereza. Demokrasia imetokana na maneno mawili ya Kigiriki. Akasoma karatasi neno kwa neno, mkono unatetemeka, akakaa. Hakuna aliyeuliza swali, TA akaandika alama, kikundi kinachofuata kikapanda, nacho kikaanza: demokrasia imetokana na maneno mawili ya Kigiriki. Siku ile Wagiriki waliamshwa mara sita. Mlinzi wa vimbweta alimsikia huyu binti akifikiri. Mwalimu wake hajawahi.

Sisemi Kiingereza kifutwe, msije na mapanga. Nasema tuna semina ya saa moja kwa wiki na hakuna mtu anayesema anachofikiri humo ndani.

Halafu ukijitutumua ukasema, unakutana na ile nyingine. Tulikuwa kwenye mada ya mahakama na uchaguzi. Tukapewa Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Tukapewa Malawi, 2020, nao wakafuta. Vizuri sana, lekcha nzuri kuliko zote za muhula, na hizo hazikuwa kwenye slaidi, alizitoa kichwani (kumbe ya sasa anayajua, hilo ndilo linanichanganya). Kaka mmoja nyuma akanyoosha mkono, akauliza vipi kuhusu sisi, ibara ya 41(7) ya Katiba inasema tume ikishamtangaza Rais hakuna mahakama itakayochunguza, hii tuipange wapi kwenye ulinganisho? Swali la heshima, hakumtaja mtu wala chama. Dokta akatazama saa. Akasema, "Jamani, hapa hatufanyi siasa."

Darasa la sayansi ya siasa. Watu wakacheka, yeye akatabasamu kidogo, tukaenda Ghana.

Naelewa, ana mkataba na ana watoto, na darasa la watu mia tano huwezi kujua nani anarekodi. Ningekuwa yeye pengine nami ningetazama saa. Ila basi asinikate mimi kwa kutosoma ya slaidi, kama vilivyo nje ya slaidi ni vya kwake peke yake na kwa siku anazojisikia.

Nyumbani bado hawajui. Mama ameniuliza kwenye simu mitihani lini, nikasema Jumatatu. Mjomba yeye tangu mwaka wa kwanza anataka kujua ubunge nitagombea jimbo gani.

NYONGEZA, saa 4:40 usiku

Naona mnaniuliza yale yale, najibu kwa mkupuo.

Mdau anayesema "ungeandika tano upate alama zako, ukweli ungeusema baada ya kuhitimu". Mkuu, ndivyo walivyofanya wote na ndiyo maana slaidi zina umri huo. Ila nakiri jana usiku nililiwaza hilo, na kama kesho nikirudishiwa jaribio hilo hilo sijui ningeandika ngapi.

Anayesema ni wivu kwa mwenzangu wa chumba: ndiye aliyenipikia leo, wali na dagaa. Tulia.

Aliyesema alisoma idara kama hii mwaka 2013 na desa lilikuwa na doa la chai ukurasa wa 31. Kaka, nimecheka peke yangu kitandani kama chizi. Kama ni wewe uliyeweka kikombe, jitokeze.

Na wewe unayejiita mwalimu wa chuo kikuu unayesema wahadhiri wana madarasa ya watu mia tano, hawana wasaidizi, hawana muda wa kubadilisha slaidi. Nakubali yote. Lakini hiyo slaidi ya Jumuiya ni mstari mmoja, na nchi za kuongeza ni tatu. Nimepima kwa simu, inachukua sekunde kumi na tisa kuandika.

Ninachoomba sasa kwa anayejua. Barua nimeshaiandika, nakala tatu, nimeambatanisha kopi ya jibu langu na ukurasa wa tovuti ya Jumuiya. Kuna aliyewahi kukata rufaa ya koziweki KABLA ya UE na akaruhusiwa kuingia kwa muda wakati wanaangalia? Inapelekwa idarani au moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo? Na kama CR haonekani, rais wa serikali ya wanafunzi anaweza kusaini badala yake? Njoo PM hata kama ni usiku wa manane. Masijala wanafunga Ijumaa saa tisa na nusu.