Naombeni ushauri: bima ya safari kwa mama mwenye presha, anakwenda Ujerumani

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 68, anakwenda Ujerumani kwa dada kumwona mjukuu. Viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayotumika nchi zote za Schengen na kugharamia dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata akifariki (Mungu apishilie mbali).

Za bei rahisi zinazotimiza masharti hayo zipo. Kinachonitisha ni yale maandishi madogo: magonjwa aliyokuwa nayo kabla ya safari hayalipiwi. Mama anameza dawa za presha kila siku. Akipata kiharusi kule, si watasema ni presha yake ya zamani? Bili ya ICU ya Ulaya siyo ya kuchangishana kwenye kundi la ukoo.

Wakala mmoja kanishauri nisiitaje presha kwenye fomu. Nimekataa, wakigundua wanatupa dai lote.

Mliosafirisha wazazi, mlikata bima hapa Tanzania au aliyeko kule ndiye aliikata? Kuna inayokubali presha iliyodhibitiwa kwa kuongeza malipo? Na hospitali inalipwa moja kwa moja, au unalipa kwanza ndipo udai?