Mjadala: Mwanafunzi wa sheria aketi kwenye meza ya usuluhishi, au abaki na majalada?

Mleta mada:
Programu za usuluhishi zilizo chini ya mahakama, ambako msuluhishi huwasaidia wanaoshitakiana wapatane wenyewe bila yeye kuwaamulia, huwapokea wanafunzi wa sheria kwa mafunzo kwa vitendo, na wengi humaliza muda wao wakipiga simu za kukumbusha tarehe na kupanga majalada. Naona ni hasara. Mwanafunzi aliyepata mafunzo ya usuluhishi (saa 40 ndicho kipimo cha programu nyingi) na akatazama vikao visivyopungua vitano, aruhusiwe kuwa msuluhishi mwenza kwenye madai madogo: deni, kodi ya nyumba, bidhaa yenye kasoro. Msuluhishi mzoefu akae naye, na wadaawa (pande zote mbili za shauri) waridhie kwa maandishi. Kitivo cha sheria humfundisha mtu kubishana miaka yote. Kumsikiliza mdai mpaka aseme anachokitaka hasa hakufundishiki kwa mhadhara.

Mchangiaji wa pili:
Napinga. Mdaawa hakuja mahakamani ili mtu ajifunzie kwake. Na hiyo ridhaa ina walakini: mtu asiye na wakili, ameketi ndani ya jengo la mahakama, anaulizwa na afisa kama anamkubali mwanafunzi. Atasema ndiyo hata kama hataki, asije akaonekana mkaidi. Halafu kuna kosa la kawaida la wanafunzi. Mdai anauliza, "Nikienda mbele ya hakimu nitashinda?" Mwanafunzi anajibu, maana maswali ya namna hiyo ndiyo anayopimwa nayo chuoni. Akishajibu, upande wa pili unamwona wakili wa mwenzao, na kikao kimekwisha ingawa watu bado wamekaa.

Mchangiaji wa tatu:
Mnazungumzia chumba cha kikao tu. Mimi naiona hatari kubwa kwenye korido. Watumishi wakiwa wachache, mwanafunzi mmoja asubuhi anaandika kumbukumbu za usuluhishi, mchana anamfanyia hakimu utafiti wa sheria. Mdaiwa aliyesema kwenye kikao cha faragha, akiwa na msuluhishi bila upande wa pili, kwamba yuko tayari kulipa nusu, alisema akiamini hakimu hatajua kamwe. Shauri lisiposuluhika linarudi kwa hakimu, na mwanafunzi yule yule yuko ofisini kwake. Hahitaji kuwa na nia mbaya. Kauli moja tu, "hili lilikaribia kuisha," inatosha kumfanya hakimu ajiulize nani alikataa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania nani aketi wapi: mwanafunzi apangiwe usuluhishi au ofisi ya hakimu, asichanganye, kwa muda wote wa mafunzo. Asaini ahadi ya usiri kabla hajafungua jalada lolote. Siku kadhaa kabla ya kikao apewe majina ya wadaawa, mawakili, na wakurugenzi kama kuna kampuni, aseme kama anamjua yeyote au kama kliniki ya sheria ya chuo chake (ofisi ambako wanafunzi husaidia watu kisheria) inamsaidia mmoja wao. Daftari lake libaki chumbani, liharibiwe shauri likifungwa. Na vyuo viache kudai shajara ya kila siku yenye maelezo ya shauri. Kubadilisha majina hakutoshi ikiwa mhadhiri anayeisoma ni wakili kwenye mahakama hiyo hiyo.

Mleta mada:
Hoja ya korido naikubali, ilipaswa kuwa ya kwanza. Ridhaa iombwe kwa simu siku chache kabla, na mtu ambaye hataendesha kikao, na jibu la "hapana" lisiingie kwenye jalada. Lile swali la "nitashinda?" mwanafunzi afundishwe kulirudisha: "Ukishindwa, utakuwa umepoteza nini?" Anayetaka ushauri wa sheria kikao kiahirishwe, aende akaupate kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria.

Mchangiaji wa nne:
Mmeisahau hati ya makubaliano. Hapo mwanafunzi ana faida kubwa hata asipofungua mdomo kikaoni. Hati nyingi hukwama wakati wa kukaza hukumu, yaani kulazimisha yaliyokubaliwa yatekelezwe, kwa sababu ziliandikwa jioni, watu wamechoka. "Atalipa haraka iwezekanavyo" haikaziki. Iandikwe kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, idadi ya awamu, tarehe ya kila awamu, njia ya kulipia, gharama ni za nani, awamu moja ikikosekana kama deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo, na kama shauri linaondolewa sasa au linasubiri malipo ya mwisho. Mwanafunzi apige hesabu: deni la 900,000 kwa awamu 6 za 140,000 linaacha 60,000 hewani, na hizo 60,000 ndizo zitakazowarudisha mahakamani. Kisha asome kila kifungu kwa sauti mbele ya wote kabla ya sahihi. Kuandika, aandike msuluhishi au mawakili.

Mchangiaji wa pili:
Kusoma na kupiga hesabu sawa. Usuluhishi mwenza bado nakataa, hasa pale upande mmoja una wakili na mwingine hana. Msuluhishi anatakiwa amwangalie kwa makini yule aliye peke yake. Akilazimika kumwangalia na mwanafunzi, yule asiye na wakili ndiye atakayesaini asichokielewa. Na mashauri ya ndoa yenye dalili za kipigo, mwanafunzi asiwemo chumbani hata kama mtazamaji.